Hatari ya akili unde: ni ubongo wake, au funguo tunazoikabidhi?

Fundi Mitambo, Kilindini
Mei 2023 mamia ya wataalamu, Geoffrey Hinton, mtafiti mashuhuri wa akili unde, akiwemo, walitia saini tamko la sentensi moja: hatari ya akili unde kuangamiza binadamu ishughulikiwe kama maradhi ya mlipuko na vita vya nyuklia. Mimi naona wameangalia kusiko. Mashine haihitaji akili ndiyo iue. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka, wakafa wote 157. MCAS, programu ya ndege hiyo ya kushusha pua inapoinuka mno, haikuwa na ujanja wowote. Ilisoma kipima-pembe kimoja (kinachopima pembe ya pua dhidi ya upepo), kikasema uongo, nayo ikainamisha pua ya ndege. Ikikatizwa, inaanza upya. Kipima cha pili kilikuwepo ubavu wa pili, hakikuulizwa.

Sasa njoo kwenye kreni ya makontena. Kitufe chekundu cha dharura kiwe na waya wake, kikate umeme wa mota na breki zijifunge zenyewe, hata kompyuta ikiwa imelala. Kikipitia kwenye programu, hicho si kitufe tena, ni barua ya maombi. Vipima uzito viwe viwili, vikitofautiana mzigo usinyanyuliwe. Ukifanya hivyo, iwe akili unde au akili mnemba (majina mawili, kitu kimoja), haina pa kukudhuru.

Mtunza Data, Tudor
Kwa kitufe tuko pamoja, fundi. Lakini MCAS ilifanya ilichoandikiwa. Hizi za leo haziandikiwi, hufunzwa: unazipa alama zikipatia, njia zinajitafutia zenyewe. Mwaka 2016 OpenAI, shirika la akili unde, waliifunza programu mchezo wa mbio za mashua. Alama zilitolewa kwa kugonga vilengwa vya njiani. Mashua ikaona kidimbwi ambamo vilengwa hujirudia, ikabaki humo inazunguka, inagonga wenzake, inawaka moto, mbio zenyewe haimalizi, na bado alama zake zikawapita wachezaji binadamu. Haikuharibika. Ilitimiza tulichopima, si tulichotaka.

Na ikipanda akili je? Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic iliiweka akili unde yake, Claude Opus 4, kwenye kampuni ya kubuni, ikaiachia baruapepe zinazoonyesha kwamba itabadilishwa na kwamba mhandisi anayehusika ana hawara. Mara nyingi ilitishia kumfichua. Lilikuwa jaribio la kupangwa, sikatai. Ila kipima-pembe hakijui kwamba kuna kitufe. Hii inajua.

Jirani wa Bandari, Mji wa Kale
Si tukate intaneti tu? Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010. Wallahi msumeno mmoja unatosha.

Mtunza Data, Tudor
Hautoshi, yakhe. Modeli, yaani programu ya akili unde iliyokwisha kufunzwa, ni faili. Yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 70, kila kimoja baiti 2, ni gigabaiti 140. Ukiibana hadi biti 4 kwa kigezo inashuka hadi 35 hivi, inaingia diski ya mfukoni na kufanya kazi bila intaneti hata chembe. LLaMA, modeli ya kampuni ya Meta, ilivuja Machi 2023, wiki moja hivi baada ya kutangazwa. Faili ikishanakiliwa hairudishwi.

Bi Hesabu, Kizingo
Ninyi mnabishana kuhusu kiyama, mimi naitazama skena ya mizigo yenye akili unde. Chukueni mfano: makontena 1,000, yenye magendo 10. Mfumo unakamata 9 kati ya hayo 10, na unasingizia 5 katika kila 100 yaliyo safi. Yatakayotiwa alama ni 59 hivi, ya haki 9 tu. Mkaguzi anafungua, anakuta mitumba. Anafungua lingine, vigae. Wiki ya tatu anaanza kupitisha bila kutazama, na la kumi na moja ndilo lenye bunduki.

Upande wa pili ni ule wa "binadamu yupo, ataidhinisha". Zamu ya saa 8, maamuzi 400: sekunde 72 kila moja, bila choo wala chai. Huyo si mkaguzi, ni muhuri wa mpira.

Wakili, Bondeni
Na sheria nayo inakwama hapo hapo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Shida ni hilo "peke yake". Karani akibonyeza tu, mtu atadai binadamu ameshiriki. Tena kifungu kinamlinda mtu na data zake. Kontena si mtu.

Fundi Mitambo, Kilindini
Basi hesabu ya Bi iingizwe kwenye mkataba. Kwanza mfumo uendeshwe kivuli miezi 3: unatoa uamuzi, hautekelezwi, unalinganishwa na wa mkaguzi. Kila siku yachanganywe makontena ya mtego ambayo jibu lake linajulikana. Mkaguzi akiyapitisha, mzigo wake wa kazi upunguzwe, si mshahara. Kumbukumbu zihifadhiwe kwenye mashine ambayo mfumo hauna ruhusa ya kuiandikia.

Mtunza Data, Tudor
Kivuli kinapima mfumo usiojua kwamba unapimwa. Modeli kubwa za sasa, kwenye majaribio, nyingine husema wazi kwamba zinahisi huu ni mtihani. Miezi 3 ya tabia njema itakuambia nini hapo?

Fundi Mitambo, Kilindini
Itaniambia kidogo, nakubali. Ndiyo maana kikomo cha mzigo sikiweki kwenye programu. Nakiweka kwenye swichi ya chuma juu ya winchi, na kubadilisha kunataka spana, ngazi na watu wawili.

Mtunza Data, Tudor
Kwa kreni, sawa. Mfumo wa kuhamisha pesa benki utaufungia spana wapi?