Ushirika wetu hauna mchungaji: nitangaze nini, ninyamaze nini?

Karani Mpya

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mzee wa kanisa, na majuzi baraza la wazee limenikabidhi kazi ya ukarani. Naomba mawaidha yenu, hasa ninyi mliowahi kuishika kazi hii katika makanisa ya Kipresbiteri, maana jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Mchungaji wetu amestaafu. Presbiteri, yaani baraza linalosimamia shirika zetu za eneo hili, imetupa msimamizi wa muda, mchungaji wa ushirika mwingine, ambaye huja kuongoza vikao vya baraza na kutuhudumia Meza ya Bwana, kisha hurudi kwa watu wake. Ibada nyingine tunaongoza wazee kwa zamu, au anakuja mhubiri mgeni. Kamati ya kumtafuta mchungaji ilichaguliwa na washirika wenyewe na inaendelea kukutana. Tangu hapo, kila Jumapili nikisimama mlangoni nashikwa mkono na hauachiliwi: "Mzee, tumefikia wapi?" Wengine hawaulizi tena, wameshajijibu. Nimesikia kwamba mchungaji fulani amekataa kuja, kwamba wazee wana mtu wao mfukoni, kwamba Presbiteri inataka kutuunganisha na ushirika jirani. Hakuna hata moja lililotoka barazani.

Wakati huohuo matangazo yetu ya Jumapili yamekuwa marefu mno. Mazoezi ya kwaya, kikao cha vijana, zamu za usafi, mchango wa paa, shukrani za waliofiwa, na orodha ya wagonjwa inayosomwa kwa majina pamoja na magonjwa yao. Lile ambalo watu wanalisubiri halimo.

Nimepewa pia kuandika karatasi ya habari ya kila mwezi. Natamani iwe karatasi ambayo mama mkongwe asiyeweza tena kufika kanisani ataisoma na kujiona bado ni wa nyumba hii. Sasa naomba mniambie: karani ana ruhusa ya kusema nini kuhusu kazi ya baraza na ya kamati? Na habari za wagonjwa niziandikeje? Wapo wenzangu barazani wanaosema ya baraza yabaki barazani, basi. Nawaheshimu, lakini moyo wangu haukubali kwamba kunyamaza kabisa ndiyo busara.

---

Mzee wa Zamani

Karani, karibu kwenye kazi. Nilishika kalamu hiyo miaka mingi kabla ya kuiachia vijana.

Hao wenzako usiwapuuze, wanalinda kitu cha kweli. Barazani huletwa ndoa zinazovunjika, ugomvi wa ndugu, mtu aliyeanguka na anataka kurudi. Huko Geneva, baraza lililowekwa na kanuni za mwaka 1541 chini ya mwanamatengenezo wa kanisa Yohana Calvin, wachungaji pamoja na wazee 12, lilikuwa likikaa kila Alhamisi, na mengi yaliyoletwa mbele yake yalikuwa mambo ya nyumbani kwa watu. Mambo ya namna hiyo hayaendi kwenye karatasi ya habari, hata kwa kudokeza. "Kuna familia moja inapitia magumu, tuiombee" ni sentensi inayoonekana ya upendo, lakini kufikia jioni kila mtu ameshaijua familia hiyo.

Ila kuna wanachosahau. Baraza si chama cha siri. Wazee wanachaguliwa na washirika. Mwaka 1560 wanamatengenezo wa Uskoti walipoandika utaratibu wa kanisa lao walitaka wazee na mashemasi wachaguliwe upya kila mwaka, kwa hofu kwamba mtu akikaa muda mrefu atajifanya mkubwa juu ya uhuru wa kanisa. Aliyekuchagua ana haki ya kujua unafanya kazi gani.

Mimi nilikuwa napima hivi: hatua ni za watu wote, mtu ni wa siri. Tangaza kwamba kamati imemaliza kuandika maelezo ya ushirika na kuyapeleka Presbiteri. Tangaza kwamba maombi yamepokelewa, kwamba mahojiano yameanza, kwamba hakuna aliyependekezwa bado. Usitaje jina, usitaje ametoka wapi, wala usiseme ni kijana au ni mtu mzima. Ukisema "ana familia ndogo", umemtaja.

---

Mshirika Mwaminifu

Naomba kutofautiana kidogo na mzee wangu. Hata hatua zina hatari yake.

Katika ushirika mmoja ninaoujua, mjumbe wa kamati alisema tu kwamba Jumapili ijayo "wanasafiri kwenda kumsikiliza mtu". Hakutaja jina. Watu wakahesabu ni makanisa yapi yako upande ule, wakapiga simu, na ikafika mahali kundi la yule mchungaji likasikia kwa watu baki kwamba mchungaji wao anataka kuondoka. Yeye alikuwa hajaamua lolote. Aliumia, watu wake waliumia, akajitoa. Kamati ikarudi mwanzo, na washirika hawakuambiwa kwa nini.

Kwa hiyo mimi ningesema: toa habari kwa tarehe zilizopangwa mapema, si kwa kila tukio. Mwanzoni mwa mwezi, maneno machache, iwe kuna jipya au hakuna. Ukitangaza tu pale kunapotokea kitu, siku ukinyamaza watu watausoma ukimya wako.

---

Karani Mpya

Hili la tarehe halikuwa limenijia kabisa. Asante sana. Hata mwezi ambao hakuna jipya, niseme hakuna jipya.

---

Mama Shemasi

Mimi naongea ya wagonjwa, maana hiyo ndiyo kazi yetu mashemasi na inanichoma.

Usisome ugonjwa wa mtu madhabahuni. Kamwe. Mwenye mwili ndiye mwenye habari. Mimi nikimtembelea mgonjwa namuuliza wazi: "Unataka kanisa lijue? Lijue kiasi gani?" Wapo wanaosema nitajeni, niombeeni kwa jina. Wapo wanaotaka jina bila ugonjwa. Na wapo wanaosema asijue mtu ila wewe na mzee wangu. Yote matatu nayaheshimu, na jibu analonipa leo namuuliza tena baadaye, kwa sababu mtu hubadilika akiwa kitandani.

Kinachofaa kutangazwa ni kile ambacho watu wanaweza kukifanya. "Mama fulani amekubali wageni siku za jioni, msikae sana." "Familia hii inahitaji mtu wa kuwapeleka watoto shule wiki hii." Hapo kanisa linapata kazi, na mgonjwa anabaki na heshima yake. Nikisikia tu "anaugua figo", nitafanya nini na figo zake?

Na waliofiwa: usiwaache baada ya mazishi. Karatasi yako iwe na sehemu ya kuwakumbuka hata miezi ikipita, kwa ruhusa yao. Mjane wetu mmoja aliniambia kwamba baada ya mwezi wa kwanza jina la mumewe halikutajwa tena kanisani, na hilo lilimuuma kupita upweke wenyewe.

Kitu kingine, karani. Unachoandika kwenye daftari la baraza kiandike ukijua kitasomwa. Kule Uskoti mabaraza ya wazee ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya msaada wa maskini mpaka sheria ya 1845 ilipoanza kuihamishia kazi hiyo kwenye bodi za parokia. Waliandika kila aliyesaidiwa na kila aliyekemewa. Tangu 2021 madaftari mengi ya zamani ya mabaraza hayo yamewekwa kwenye intaneti. Leo mtu yeyote anaweza kusoma jina la binti aliyesimamishwa mbele ya baraza karne mbili zilizopita, na kosa lake. Karani aliyeliandika hakuwaza hivyo.

---

Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Ombi dogo kwa karani: watoto wetu nao ni habari. Kila mara tunatangazwa tukihitaji kalamu za rangi. Mwaka huu kuna binti aliyemaliza katekisimu fupi ya Westminster, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, maswali yote 107, kwa moyo, na hakuna aliyelisema hadharani. Bibi yake hafiki tena ibadani. Angelisoma hilo kwenye karatasi yako, angeikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Waulize wazazi kwanza, bila shaka. Na picha za watoto usiziweke mahali pa watu wasiojulikana.

---

Mchungaji wa Presbiteri Nyingine

Shalom. Nimeshawahi kuwa msimamizi wa muda, kwa hiyo nalifahamu hilo la kushikwa mkono mlangoni.

Kwanza urefu wa matangazo. Utaratibu wa ibada uliotungwa na mkutano wa wanateolojia huko Westminster, Uingereza, na kupitishwa mwaka 1645 ulikuwa na matangazo machache sana yaliyopewa uzito. Nia ya watu kuoana ilitangazwa Jumapili tatu. Pale ambapo Meza ya Bwana haikuandaliwa mara kwa mara, ilitakiwa itangazwe Jumapili iliyotangulia, ili watu wajiandae. Na mchango wa maskini ulitakiwa upangwe usizuie sehemu yoyote ya ibada. Angalieni yalivyo yote: yanawahusu watu wote, na yanamtaka msikilizaji afanye jambo. Ukiyapima matangazo yako kwa kipimo hicho, zamu za usafi zitahamia kwenye ubao, mazoezi ya kwaya yatabaki kwa wanakwaya, na utakuwa na nafasi ya kusema kuhusu kamati kwa utulivu.

Pili, mzee na nyumba zake. Zamani, kabla ya Meza ya Bwana, mshirika alipewa kipande kidogo cha madini ya risasi chenye alama ya ushirika wake, akakirudisha siku ya kushiriki. Baadaye vikaja vyeti vya karatasi, na mahali pengi wazee walivipeleka wenyewe nyumba kwa nyumba. Mlangoni pale mzee alisikia nani mgonjwa, nani hasemezani na nani, nani ana swali juu ya mchungaji. Naiona hiyo kuwa njia bora ya habari ambayo kanisa letu limewahi kuwa nayo, kwa sababu ilikwenda pande zote mbili. Karatasi husema, haisikii. Kila mzee katika baraza lenu azitembelee nyumba alizokabidhiwa kabla ya Meza ijayo, awe na maelezo yaleyale kuhusu kamati, na arudi na maswali. Uvumi mwingi utafia sebuleni.

Tatu, msisahau mwisho wa safari hii ni nini. Kamati haimwajiri mtu. Inapendekeza, washirika wanamsikiliza na kupiga kura, na Presbiteri inathibitisha wito. Haki hiyo ilipatikana kwa gharama. Uskoti, chini ya sheria ya 1712, wenye mashamba makubwa walikuwa na mamlaka ya kuteua mchungaji hata kama washirika hawamtaki. Mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 walitoka katika kanisa la taifa kwa ajili ya jambo hilo, wakaacha mishahara, nyumba na majengo yao. Kwa hiyo washirika waambieni mapema: kura itapigwa namna gani, nani ana haki ya kupiga, daftari la washirika linafungwa lini. Hayo si siri ya mtu yeyote. Nikiona ushirika unajua jina linalovumishwa lakini haujui utaratibu wa kura, najua baraza lilificha kisichofichwa.

---

Mzee wa Zamani

Mchungaji, hilo la daftari la washirika ulisisitize. Nimeona kura inagombaniwa kwa sababu majina ya waliohama hayakuwa yamefutwa, na vijana waliokiri imani yao mwaka huo hawakuwa wameandikwa.

---

Karani Mpya

Wapendwa, nimeyasoma yote mbele ya msimamizi wetu wa muda, na amekubali niyapeleke barazani. Nimeandika rasimu ya tangazo la kwanza. Niambieni palipo na kasoro.

"Kamati ya kumtafuta mchungaji, mliyoichagua wenyewe, inaendelea na kazi. Maelezo ya ushirika wetu yamekamilika na yamepokelewa na Presbiteri. Kamati sasa inasoma maombi. Majina hayatatajwa mpaka pendekezo litakapoletwa mbele yenu, kwa sababu wanaoomba bado wanawahudumia watu wengine. Likiletwa, mtamsikia anayependekezwa akihubiri, kisha mtapiga kura kwa siri. Kila aliyemo katika daftari la washirika ana kura moja. Wazee watawatembelea nyumbani kabla ya Meza ya Bwana ili mhakikishe majina yenu na muulize mtakacho. Hakuna mpango wowote, barazani wala Presbiteri, wa kutuunganisha na ushirika mwingine. Tutawapa habari tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, hata kama hakutakuwa na jipya."

Orodha ya magonjwa nimeiondoa. Mama Shemasi, kesho nakwenda na shemasi wetu kuwauliza wagonjwa mmoja mmoja. Na binti wa katekisimu atakuwa ukurasa wa kwanza, mama yake amekubali.

---

Mshirika Mwaminifu

Rasimu ni nzuri. Ningeondoa tu "inasoma maombi". Watu watauliza ni mangapi, na ukishataja idadi watataka majina. Sema "kamati imeanza hatua ya uchaguzi wa awali".

---

Mama Shemasi

Mimi ningeiacha. "Uchaguzi wa awali" mama mkongwe hataelewa. Na kesho mkienda kwa wagonjwa, kaeni kwanza, muombe nao, swali la matangazo lije mwishoni.

---

Karani Mpya

Naiacha kama ilivyo. Wakiuliza idadi nitawajibu kwamba hilo ni la kamati. Asante, mama, tutakaa kwanza.