Wageni wa Januari: niwapeleke Tukuyu na Kitulo au Iringa na Ruaha?

mwana_uyole:
Habari za jioni wakuu. Dada yangu na shemeji wanakuja toka Dar katikati ya Januari wakiwa na rafiki zao wawili Wajerumani, wana siku sita tu huku kwetu na mimi ndo mwenyeji. Wote wanatembea vizuri hakuna mgonjwa wala mtoto. Shem anataka wanyama, anasema Iringa moja kwa moja halafu Ruaha siku tatu. Dada anataka milima na ziwa, yaani Mlima Ngozi, nyanda za Kitulo na Matema ya Ziwa Nyasa. Nimezaliwa Uyole, Mbeya, ila kusema ukweli Kitulo sijafika na Ruaha nilienda nikiwa shule ya msingi. Waliofika juzijuzi naomba mnisaidie, nataka hawa watu warudi kwao wanaizungumzia kusini.

mama_wawili:
Ugonile kaka. Kwa Januari mimi sina maswali, Kitulo. Maua yanaanza Desemba yanaenda mpaka Aprili kwahiyo wanakuja wakati wenyewe, ukija Agosti utakuta majani makavu na baridi utasema watu walikudanganya. Nilienda mwaka jana na mwanangu mkubwa, tukashuka kwenye gari ukungu umefunika kila kitu tukakaa kama dakika ishirini tunatetemeka, ulipofunguka palikuwa na njano na zambarau na nyeupe mpaka macho yanapoishia, mtoto akakaa chini hakutaka hata kutembea. Okidi peke yake ni aina 45. Wenyewe tunaita Bustani ya Mungu na imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kabla ya hapo mizizi ya okidi ilikuwa inachimbwa kwa magunia inavushwa Zambia kwenda kupikwa chikanda, chakula chao cha huko. Kwahiyo waambie wageni wasing'oe hata ua moja.

Simba na tembo hamna, shem wako ajue mapema. Na mabegi yawe na makoti ya kweli, kule ni zaidi ya mita 2,600.

Mnyalukolo:
Kamwene wote. Mama_wawili maua sawa lakini mgeni akiondoka kusini bila kufika Kalenga amejua mandhari tu, watu hajawajua. Tena hawa ni Wajerumani! Kwenye makumbusho pale Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, limehifadhiwa kwenye kioo. Lugalo ya huku Iringa tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwapiga jeshi la Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia palepale, ikawachukua miaka mitatu kuja kuibomoa ngome ya Kalenga, na hata hapo Mkwawa hawakumpata, aliendelea kupigana porini mpaka 1898 akajipiga risasi mwenyewe asikamatwe. Kichwa chake wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja fuvu hilo kwamba lirudishwe, limekuja kurudi 1954.

Ukitoka hapo kesho yake asubuhi wapeleke Isimila, kama kilomita 20 toka mjini njia ya Mbeya. Ni korongo lenye nguzo za mchanga mgumu zimesimama kama watu, na chini kuna zana za mawe za watu wa kale, zile shoka za mkono. Unaishika unaona kabisa mahali kiganja kinapokaa.

mwana_uyole:
Mnyalukolo asante, hapo Kalenga ndo penye wasiwasi wangu. Ni wageni wa watu, wataona kama nimewapeleka kuwasuta?

Mnyalukolo:
Hapana kaka wala usiogope. Nimepeleka Wajerumani pale zaidi ya mara moja. Mmoja mama mtu mzima alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu bila kusema neno, alipotoka nje akaniuliza kwa Kihehe pole wanasemaje. Wengi hawakufundishwa hii historia shuleni kwao na wanataka kuijua kwa mtu wa hapa. Waambie tu mapema mnaenda kuona nini, na msipige picha kabla ya kuomba.

tairi_nne:
Mimi ni dereva nakwenda Ruaha kila mwezi naomba nimwambie shem ukweli. Ruaha ni kubwa sana, karibu kilomita za mraba 20,000, na uzuri wake wote unaanza Juni mpaka Oktoba maji yakikauka, wanyama wanabaki kufuata mto Ruaha Mkuu, unakaa sehemu moja tembo wanakuja wenyewe. Januari mvua imenyesha, maji yapo kila mahali, majani marefu, simba amelala mita kumi toka barabarani humuoni. Ndege ni wengi na pori linapendeza ila mtu aliyelipa ili aone simba atanuna. Toka Iringa mjini ni kama kilomita 130 na sehemu ya vumbi mvua ikikolea inageuka tope, na kibali cha kuingia ni cha masaa 24 kwahiyo mkikwama getini au njiani hela inaendelea kuhesabika.

Kingine usijaribu kubana Ruaha na Matema ndani ya siku sita. Mwaka juzi kuna wageni waling'ang'ania nikawapeleka, tukashinda barabarani nyuma ya malori ya Zambia, wakaniambia walichokiona kusini ni tairi za malori. Iliniuma.

mwana_uyole:
Dah tairi_nne umenisaidia sana. Na Ngozi je, Januari kunapandika?

kijana_isongole:
Kunapandika, kwetu hapa. Pandeni asubuhi na mapema coz mvua ya huku inapenda mchana. Chukueni mwongozaji wa kijijini, njia zinagawanyika ndani ya msitu. Mwanzo ni tambarare, kuna mianzi na migomba pori, afu kipande cha mwisho kinasimama hasa, udongo mweusi unateleza unashika mizizi kwa mikono miwili. Viatu vya raba vya mjini hapana. Ukifika ukingoni ndo unaliona ziwa chini kabisa, maji ya kijani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote na kimya chake sijui nikwambieje. Kushuka mpaka kwenye maji msimu wa mvua nakataza kabisa. Wazee wanaliheshimu lile ziwa, wageni wasipige kelele wala kurusha mawe.

Mkirudi piteni Daraja la Mungu mto Kiwira, ni jiwe la volkano limejenga daraja lenyewe juu ya maji, nusu saa inatosha.

dada_nyasa:
Matema msiiache! Asubuhi mko Tukuyu na sweta, mchana mnashuka Kyela kwenye mashamba ya mpunga joto limewapiga, jioni miguu iko kwenye maji ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone imesimama nyuma yenu. Muwe na chandarua na dawa ya mbu, huku chini malaria ipo. Halafu mtafute mtumbwi mwende Ikombe kwa mama zetu Wakisi wanaofinyanga vyungu. Hakuna mashine, mama anazungusha udongo kwa mkono, akimaliza anausugua na kijiwe laini mpaka unang'aa, hapo hata moto haujaona.

mwana_uyole:
Basi nimeongea na dada na shem amekubali, Ruaha watarudi Agosti. Watatoka Dar Jumatatu walale Iringa, Jumanne Kalenga, Jumatano asubuhi Isimila maana iko njiani halafu Mbeya. Alhamisi Kitulo kupitia Isyonje, Ijumaa alfajiri Ngozi jioni tulale Matema. Jumamosi ndo siku ya mwisho, Kimondo cha Mbozi naona kitabaki. Dada_nyasa Jumamosi Ikombe kutakuwa na watu?

dada_nyasa:
Jumamosi wala usiende Ikombe, vyungu vinakuja vyenyewe soko la Lyulilo, mnatembea tu kwa miguu toka Matema. Wahini asubuhi kabla wachuuzi wakubwa hawajabeba. Na mtafute majani makavu ya migomba ya kutosha mfungie kila chungu peke yake, mimi vyangu viwili vilipasuka kwenye kosta kabla hata hatujafika Tukuyu.