Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kuingia msituni Uingereza

BintiLushoto
Wakuu habari zenu. Hii ni kwa mliopo Uingereza au mliowahi kuishi huko, tupeane uzoefu wa kutembea misituni na mashambani, mjini tuache. Naanza mimi.

Nimekaa London mashariki miaka sita, kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Miaka yote hiyo napandia treni ya Central pale Stratford, naona imeandikwa Epping, sijawahi kujua kama kule mwisho kuna msitu mkubwa hivyo. Siku moja bibi niliyekuwa namhudumia akaniuliza, wewe umesema kwenu ni milimani kwenye miti, sasa hapa unaishije? Lile swali lilinikaa. Jumapili yake nikashuka kituo cha Loughton, haifiki hata nusu saa, nikapandisha kile kilima nikaingia.

Jamani ile miti. Zamani ilikuwa inakatwa vichwa juu kidogo ya kimo cha mtu, ikachipua, sasa kila tawi limekuwa nene kama mti mzima na shina chini limevimba lina mashimo, ukiingiza mkono unakuta maji ya mvua na majani yaliyooza, harufu ile ile ya shamba la migomba baada ya masika. Nikasema hapa watu walikuwa wanakata kuni. Kuja kuuliza, kweli. Watu wa Loughton walikuwa na haki ya kukata matawi ya kuni kipindi cha baridi, miaka ya 1860 wenye ardhi wakaanza kuzungushia uzio, mzee mmoja kibarua anaitwa Thomas Willingale akagoma, wakaendelea kukata tu, watu wa familia yake wakafungwa. Kesi zikaenda mpaka ikatoka sheria ya mwaka 1878 kwamba msitu ubaki wazi kwa watu wote, na 1882 malkia Victoria akaja mwenyewe kuufungua. Haki ya kuni ikafutwa kwa fidia, na ukumbi uliojengwa kwa fidia ile upo Loughton mpaka leo, Lopping Hall.

Mimi ni mtu niliyekua nakwenda na bibi yangu kuokota kuni huku tunaangalia nyuma kama bwana miti anakuja. Nilisimama pale machozi yakanitoka. Na nilikuwa nimeingia na woga kwamba nitaulizwa unatafuta nini huku, hakuna aliyeniuliza, watu wanakusalimia wanapita na mbwa wao. Nyie ilikuwaje?

OleReading
Asante kwa hii story dada. Mimi ni mtu wa Kajiado, nakaa Reading. Ya kwangu ni New Forest, tulienda familia nzima tukashuka Brockenhurst, na kabla hata hatujaingia msituni tukakuta farasi wamesimama katikati ya barabara, magari yanawangoja! Watoto hawakuamini. Mimi nikadhani wametoroka, kumbe wako na wenyewe, wanachungwa kwa pamoja kama vile sisi tunachunga kwenye ardhi ya jamii. Kuna watu wa kuwasimamia, na ukiangalia mkia wa farasi utaona nywele zimekatwa kwa ngazi, hiyo ni alama ati mwenyewe amelipia malisho mwaka huo, na kila msimamizi na mkato wake. Nilikaa chini nikaangalia mikia karibu saa nzima. Kwetu ni sikio, kwao ni mkia.

Halafu vuli wanaachilia nguruwe waingie msituni wale mbegu za mwaloni zilizoanguka, kwa sababu zile mbegu ni sumu kwa farasi na ng'ombe lakini nguruwe anakula ananenepa. Hiyo nilimpigia baba simu nikamwambia, akaniuliza mara tatu kama ni ukweli. Kitu moja tu, msiwalishe hao farasi, wakizoea mkate wanafuata magari barabarani wanagongwa.

Mgeni_Midlands
Samahani naomba kuuliza, hivi mnapita tu kwenye mashamba ya watu? Mimi niko hapa miezi minne, nyuma ya nyumba ninayokaa kuna njia inaingia shamba la ngano, naogopa hata kusogea.

BintiLushoto
@Mgeni_Midlands pita bila wasiwasi, ila fuata alama. Kwenye nguzo utaona kimshale, cha njano maana yake njia ya miguu, cha bluu na farasi na baiskeli wanaruhusiwa. Hiyo njia ni haki ya umma hata kama shamba ni la mtu, mkulima haruhusiwi kukufungia. Ukifika kwenye uzio kutakuwa na geti au kingazi cha mbao cha kuvukia. Geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Usitoke nje ya njia ukakanyaga ngano ya mtu, basi.

Baharia_Leicester
Assalaam alaykum. Mie mzee wenu, mtu wa Unguja, Leicester nimefika miaka ya 70 mwishoni. Sisi tulikuwa tunakwenda Bradgate Park na majirani zetu Wahindi wa Kampala na Nairobi, wanawake wanafunga chapati na achari, wanaume tunabeba majamvi, na lugha tunayosema sote pale juu ya nyasi ni Kiswahili. Wazungu wanapita wanatutazama, wengine wanatukaribia wanauliza chakula gani hicho kinanukia hivyo, wanapewa.

Pahala pale palinunuliwa na mfanyabiashara mmoja, Charles Bennion, akapatoa mwaka 1928 pawe pa watu wa Leicestershire. Mie huyu humuombea kheri. Mali yake akaitoa wakfu, na leo wajukuu zangu waliotoka kisiwa asichopata kukiona wanakimbia pale bila ya kulipa. Mwendeeni Oktoba, asubuhi mapema, ndio wakati paa madume wanagombania majike, wananguruma sauti inatoka tumboni kama ng'ombe aliyefungwa mbali na ndama wake. Kaeni mbali nao sana siku hizo. Na karibu yake pana msitu wa Swithland, miti ya mialoni, kimya mpaka unasikia pumzi zako.

kijana_wa_Ubungo
Mimi yangu si nzuri sana ila naomba wengine wajifunze. Desemba, niko na mshkaji, tumeingia msitu mmoja kule Kent saa saba mchana tukisema tunazunguka masaa mawili tunatoka. Hatukufikiria kwamba saa kumi kasoro jua limeshazama! Yaani si kwamba linaanza kuzama, limeisha. Netiweki hakuna, simu yangu ina chaji asilimia tisa, majani yamefunika njia yote huoni tofauti ya njia na si njia, na tope linafika kwenye vifundo na mimi nimevaa raba nyeupe. Tukaanza kubishana kushoto kulia, baadae tukanyamaza wote, pale ndo niliogopa. Kilichotuokoa ni mshkaji alisikia gari, tukafuata ule mlio moja kwa moja kwenye miiba, tukatokea barabarani tumechanika mikono. Sasa hivi napakua ramani kabla sijatoka home, tochi ninayo, filimbi ninayo, na mtu nimemuaga naenda wapi narudi saa ngapi.

Na kupe! Ukitembea kwenye majani marefu kiangazi jikague nyuma ya magoti na kiunoni. Ukimkuta mtoe na kibano, mshike karibu na ngozi umvute polepole. Ukiona baada ya siku kadhaa duara jekundu linatanuka muone daktari usingoje, ni ugonjwa wa Lyme huo, unatibika mapema.

Wambui_K
Kuongezea hapo, kuna yale majani yanawasha, kwetu tunaita thabai, yako kila pembe ya njia. Mtoto wangu aliyaangukia na miguu wazi, nikakumbuka cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa anatupikia na mukimo, vile viazi vya kupondwa, mwaka uliofuata nikarudi na glavu nikachuma vichipukizi vya Machi nikapika. Ladha ni ile ile. Wenzangu kazini walinishangaa venye niliwapelekea, wakala wakamaliza.

MwanaKilifi
Nilisoma Oxford mwaka mmoja. Karibu na pale kuna msitu wa Wytham, ni wa chuo, kuingia lazima uombe kibali. Kumewekwa vijumba vya ndege zaidi ya elfu moja mitini na tangu 1947 wanafuatilia ndege wale wale wadogo, kizazi baada ya kizazi, nani kataga lini, mayai mangapi. Nilipewa nafasi ya kushuhudia wakipima kinda, anawekwa kwenye kifuko kidogo kwenye mizani, anavalishwa pete mguuni, anarudishwa.

Nilifikiria kaya zetu, yaani misitu yetu mitakatifu ya pwani ya Kenya. Sisi kaya za Mijikenda zililindwa na wazee kwa miiko, huingii na viatu, hukati hata ufito, na ndiyo maana zilisimama mpaka UNESCO ikaziorodhesha 2008. Wao wana daftari, sisi tuna wazee. Daftari lao halijakatika kutoka 1947, wazee wetu wanaondoka kila mwaka na waliyoyajua hatujaandika. Hilo linaniuma mpaka leo, na nilivyorudi nimeanza kuwarekodi kwa simu, wazee wawili tayari.

Mushi wa Lubumbashi
Bandugu, kuko ndege moja kule bananita cuckoo, anaimba jina yake mwenyewe mwezi wa ine na wa tano. Bazungu balimuweka kamashini ka satelite ku mugongo tangu 2011, bakaona kumbe wakati wa baridi anakuya kukaa ku Congo. Mi nilimusikia mara moja tu ku Norfolk, mapema sana asubui, nikasimama. Njo muntu wa kwetu ule.

BintiLushoto
Nimesoma zote, za mzee wa Unguja nimesoma mara mbili. @Wambui_K mwaka huu Machi twende wote.

Niwamalizie ya yule bibi. Macho yake yalikuwa yameshafifia sana. Mwisho wa Aprili nilirudi Epping na safari hii nikamchumia tawi dogo la mti wa beech, majani yale yanayoanza, laini kama kitambaa kilicholoa, pembeni yana vinywele vyeupe huvioni mpaka uyaweke kwenye mwanga. Sikumwambia ni nini, nimemuwekea tu kiganjani. Akalipitisha jani mdomoni, polepole, upande wenye vinywele, akasema beech. Halafu akaniuliza nilipita njia gani.