Naomba ushauri: Malindi hadi Ziwa Ellis na watoto, tunasaka visanduku

Binti Shela
Assalam aleikum jamani. Mimi na kaka yangu tunataka kuwapeleka wanetu watatu Mlima Kenya mwezi Agosti, upande wa Chogoria, tupige hema kando ya Ziwa Ellis. Kileleni hatwendi. Sisi ni watu wa jiokeshi, ule mchezo wa kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kufuata jipiesi ya simu, na watoto sasa hawalali kwa ajili yake. Mpango ni kutoka Malindi alfajiri, tulale Nairobi, kesho yake tulale ziwani. Gari ni foo-wili. Watoto wamejaza mfuko wa kauri za kubadilishana, na tunataka kuficha kisanduku chetu kule juu. Mdogo ana miaka 9, na baridi anayoijua ni ya kusi tu. Tunakosea wapi?

Mzee wa Maweni
Waaleikum salaam mwanangu. Kosa ni hizo siku mbili. Kwetu ni usawa wa bahari, Nairobi ni kama mita 1,700, Ellis inakaribia 3,500. Laleni Chogoria mjini usiku wa pili, wa tatu kwenye mabanda ya langoni, karibu mita 3,000, ndipo mwende ziwani. Na mtazameni sana huyo mdogo. Mtoto hakwambii mwinuko umemshinda. Ananyamaza tu, anakataa kula. Akiumwa kichwa na kutapika, msimpe dawa ya maumivu mkaendelea kupanda. Shukeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kaka wa Mida
Mimi ningepitia lango la Sala, nikate Tsavo Mashariki hadi Voi. Watoto wauone mto Galana, waambiwe kuwa ndio huohuo Sabaki wanaouona ukimwaga maji mekundu baharini kwetu.

Mzee wa Maweni
Ni kuzuri, sikatai, lakini mbugani mwisho ni saa kumi na mbili jioni na kiingilio mtawalipia watoto wote. Fanyeni hivyo wakati wa kurudi, mkiwa hamna haraka.

Msakaji Gede
Dada, kisanduku msikifiche. Ndani ya hifadhi huachi kitu bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori, na mchezo wenyewe unamtaka mwenye kisanduku aweze kwenda kukitunza. Kikilowa, utatoka Malindi kukikausha? Kuna aina isiyo na kisanduku, ya mambo ya ardhi: msakaji anafika mahali na kujibu maswali kuhusu miamba. Bonde la Gorges, hukohuko mlimani, lilichongwa na barafu, linafaa kabisa. Hata hiyo huombewa ruhusa kwanza.

Kauri nazo zimetoka wapi? Kama ni ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya tangu 1968, kuokota ni marufuku. Wapelekeni wazirudishe wenyewe, watakumbuka maisha yao yote. Kanuni ni ukichukua kitu uache cha thamani ileile au zaidi, na chakula kamwe, wanyama watafukua. Bangili za ukili zingependeza mno. Bebeni penseli ya kutia sahihi daftarini. Wino hugoma kwenye baridi. Ramani zishusheni kwenye simu mkiwa bado nyumbani.

Mama Watatu
Niongeze neno kuhusu baridi. Usiku maji huganda. Mkeka peke yake hautoshi, ubaridi unapanda kutoka chini. Tieni godoro jembamba la sponji, kisha mifuko mizito ya kulalia. Kila mtoto awe na soksi kavu asizozivaa ila kulalia. Simu ilale nanyi ndani ya mfuko, betri isife. Na mvua ikinyesha, ile njia ya msituni ni utelezi mtupu: ulizeni hali yake Chogoria kabla ya kupanda. Humo mna ndovu na mbogo, watoto wasiteremke garini ovyo.

Binti Shela
Mzee wangu, na nyote, shukran. Tumeongeza siku mbili. Kauri zinarudi kesho maji yakitupa, na nyanya yao ameshakaa chini na ukili. Kaka wa Mida, kiingilio cha Sala tukilipe langoni?

Kaka wa Mida
Lipeni kwa simu kabla hamjaondoka. Pesa taslimu hawapokei.