Kompyuta niliyoiovakloki ilikuwa imetulia, nimeongeza RAM na kadi ya grafiki sasa inajizima

Swali

Habari zenu wakuu. Ninaomba msaada wa kutafuta chanzo cha tatizo ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa. Kompyuta yangu ya mezani inatumia prosesa ya Ryzen 5 3600, ambayo niliiovakloki, yaani niliipandisha kasi kupita ya kiwandani, hadi gigahezi 4.2 kwa kori zote sita (viini vya prosesa) kwa volti 1.30, pamoja na RAM mbili za DDR4 za GB 8 kila moja, zinazokwenda kwa kasi ya 3200 baada ya kuwasha XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM) kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Kabla ya kuiamini niliipitisha kwenye jaribio la mzigo mzito usiku kucha, na kwa miezi minane iliyofuata haikuganda hata mara moja.

Wiki mbili zilizopita niliongeza RAM nyingine mbili za GB 8, zenye kasi ileile kwenye lebo, na siku hiyohiyo nikaweka kadi mpya ya grafiki inayotumia wati 220. Tangu hapo sina raha. Mara inaleta skrini ya buluu, na ujumbe wake haufanani na wa jana. Mara kivinjari kinajifunga chenyewe. Na mara mbili, nikiwa katikati ya mchezo, kioo kilizimika ghafla na kompyuta ikajiwasha upya bila kuonyesha ujumbe wowote. Pawasaplai ni ya wati 550. Nimepandisha volti ya prosesa hadi 1.35 na sijaona nafuu. Kwa kuwa ovakloki yenyewe ilikwisha kuthibitika, ninashuku kwamba kimojawapo cha vifaa vipya ni kibovu. Nianzie wapi kabla ya kumrudishia muuzaji?

Jibu la kwanza

Mkuu, pole kwa usumbufu. Ninaanza na hoja yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayokupotosha. Kilichothibitika miezi minane iliyopita ni kwamba prosesa hiyo, ikiwa na RAM mbili na kadi ile ya zamani, katika joto lile, iliweza kwenda 4.2 kwa volti 1.30. Umebadilisha mambo mawili kati ya hayo, kwa hiyo jaribio lako la zamani halina tena nguvu ya ushahidi. Isitoshe, XMP nayo ni ovakloki, ingawa watu wengi huiwasha wakidhani ni mpangilio wa kawaida: DDR4 kwa kiwango chake rasmi hutumia volti 1.2, ilhali XMP ya RAM za 3200 mara nyingi huipandisha hadi 1.35.

Kwanza kabisa, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, na usisasishe mfumo wala kuhamisha mafaili makubwa hadi tatizo liishe, maana RAM inayokosea huandika makosa yake kwenye diski na hutayaona mpaka siku unapolihitaji faili. Kisha piga picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio ya BIOS uliyoibadilisha, halafu rudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwandani, XMP ikiwemo. Ikiwa kompyuta itatulia katika hali hiyo, vifaa vyako huenda ni vizima na kosa liko kwenye mipangilio; ikiwa haitatulia, chomoa RAM mpya, ujaribu tena, na ubadilishe jambo moja tu kila mara.

Hiyo 1.35 uliyoiweka kwenye prosesa iondoe leo. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti, kiasi kwamba kutoka 1.20 hadi 1.30 pekee ni ongezeko la takriban asilimia 17 kabla hujaigusa kasi. Ulikuwa unaongeza joto kwenye kasha ambalo tayari lina kadi inayotoa wati 220.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila ningependa tuzitenganishe dalili zako, kwa sababu huenda una matatizo mawili na wewe unayahesabu kuwa moja. Skrini za buluu zenye ujumbe unaobadilikabadilika, pamoja na programu zinazojifunga bila sababu, kwa kawaida hunielekeza kwenye RAM. Kioo kinachozimika ghafla na mashine kujiwasha upya bila ujumbe kunanielekeza zaidi kwenye umeme. Fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute tukio nambari 41 la Kernel-Power (kompyuta kuzimika bila kufungwa vizuri) katika zile nyakati mbili ilipojizima mchezoni. Ukikuta BugcheckCode (namba ya kosa) ni 0, maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa.

Sasa angalia kebo zinazoingia kwenye kadi. Sloti ya PCIe hutoa wati 75 na kila plagi ya pini 8 hutoa 150, hivyo kwa hesabu ya karatasini kadi yako inatosheka. Tatizo ni kwamba kadi za kisasa huvuta umeme mwingi sana kwa milisekunde chache, na watu wengi huchukua kebo moja yenye vichwa viwili kwa kuwa inapendeza zaidi machoni. Tumia kebo mbili zinazotoka kwenye matundu mawili tofauti ya pawasaplai, na utumie zile tu zilizokuja na pawasaplai hiyo, kwa sababu kebo za pawasaplai nyingine zinaweza kuingia vizuri na bado zikawa na mpangilio tofauti wa nyaya.

Jibu la tatu

Kuhusu RAM nne: kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na kila RAM unayoongeza kwenye njia ileile inakifanya kazi yake kuwa ngumu zaidi. AMD yenyewe, kwa prosesa za kizazi hicho, inaahidi 3200 ukiwa na RAM mbili, lakini zikiwa nne inashuka hadi 2933 kwa zenye renki moja (seti moja ya chipu zinazosomwa kwa pamoja) na 2667 kwa zenye renki mbili. Huo ndio mpaka wa kiwanda, na wewe unataka kuuvuka huku ukiwa umeovakloki kori.

Pakua MemTest86 kwenye flashi na uiache imalize mizunguko yote minne. Pima jozi ya zamani peke yake, kisha jozi mpya peke yake, zote kwa 3200 na katika sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo kwa ubao mama mwingi ndizo zinazopendekezwa kwa RAM mbili. Hakikisha tu na kitabu cha ubao wako. Mwisho weka zote nne. Kori za prosesa zibaki kwenye mipangilio ya kiwandani wakati wote huo, la sivyo hutajua nani aliyekosea.

Mwuliza swali

Wakuu, ninawashukuru. Nimefuata maelekezo na ninarudi na majibu.

Jozi ya zamani ilipita bila kosa, na jozi mpya ikapita vilevile. Zilipokuwa nne kwa 3200 yakatoka makosa matatu kwa rangi nyekundu kwenye mzunguko wa pili: namba iliyotarajiwa na namba iliyosomwa zilifanana kabisa isipokuwa biti moja. Hakuna RAM mbovu, na ninafurahi sikumsumbua muuzaji. Nilipandisha volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) hadi 1.1 na makosa yakapungua kuwa moja, lakini hayakuisha. Niliposhusha hadi 2933 mizunguko minne ikapita safi.

Kwenye kadi nilikuta hasa kile mlichokisema, yaani kebo moja yenye vichwa viwili. Nimeweka mbili, na katika mchezo uleule uliokuwa unaizima nimecheza saa tatu bila tukio 41 jipya.

Limebaki hili: nilipoirudisha 4.2 kwa 1.30, iliganda ndani ya dakika 40 za mchezo, joto la prosesa likiwa nyuzi 86, ambapo zamani halikuvuka 78. Nikifungua mlango wa pembeni wa kasha linashuka hadi 79 na haigandi.

Jibu la kwanza tena

Hilo ni joto la kadi linalopanda moja kwa moja hadi kwenye feni ya prosesa. Ongeza feni ya kutolea hewa nyuma, au ushuke hadi 4.1 uone. Kwa maoni yangu, hata hivyo, ningeiacha prosesa ijipandishe yenyewe, kwani 3600 hufika 4.2 kwenye kori moja bila wewe kuigusa, na katika michezo hutaona tofauti kubwa.

Mwuliza swali

Nimeweka 4.1 kwa volti 1.25, mlango umefungwa, na joto limesimama kwenye 77. Leo ni siku ya nne na haijajizima. Feni ya nyuma nitaiweka, kisha nitaijaribu 4.2 kwa mara ya mwisho.