Tupeane uzoefu: Ni siku gani serikali iliingia mlangoni mwako, na je, ilistahili kuingia?

Mwanabaraza:
Wanajamvi, heshima kwenu. Juzi nilikuwa nikijaza fomu ya kuhuisha leseni ya kazi ambayo nimeifanya kwa mikono yangu tangu ujana, na nilipofika mahali panapouliza ni watu wangapi wanaolala nyumbani kwangu na kila mmoja ni wa dini gani, kalamu ikasita. Nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa akiificha redio chini ya kitanda kila aliposikia kwamba mkaguzi wa leseni za redio anapita mtaani. Siipingi serikali, kwa maana pasipo serikali mwenye mabavu ndiye angekuwa hakimu wetu sote. Ninachotaka kusikia ni siku ambayo mkono wake ulikufikieni ndani kabisa, mkaona umesaidia au umevuka mpaka.

Ndugu Kimya:
Fomu ya namna hiyo nimeijaza mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa kwamba faili langu halionekani.

Huru Daima:
Mimi nilitozwa faini kwa kuendesha pikipiki bila helmeti, nikiwa peke yangu, juu ya pikipiki yangu, na kichwa kikiwa changu. Mwaka 1859 mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill alieleza jambo hili vizuri: sababu pekee ya kumlazimisha mtu mzima mwenye akili timamu ni kuwakinga wengine asiwadhuru, na manufaa yake mwenyewe hayatoshi kuwa sababu. Sijaona mahali popote ambapo fuvu langu limemdhuru jirani.

Muuguzi wa Zamu:
Ndugu Huru Daima, mafuvu hayo ya watu waliokuwa "peke yao" nimeyapokea mimi, usiku, yakiletwa na wapita njia ambao nguo zao zimelowa damu isiyo yao. Mtu wa namna hiyo hulala kwenye kitanda ambacho kingemfaa mwingine, na watoto wake hukaa kwenye benchi nje wakiniuliza maswali nisiyoweza kuyajibu. Jimbo la Victoria nchini Australia lilipoamua mwaka 1970 kwamba kufunga mkanda garini ni lazima, wapo waliosema maneno haya haya unayoyasema wewe. Isitoshe, Mill huyo huyo alikubali kwamba ukimwona mtu anakanyaga daraja bovu, waweza kumshika na kumrudisha.

Huru Daima:
Dada Muuguzi, umesoma nusu. Alikubali ashikwe ikiwa hajui kwamba daraja ni bovu na hakuna nafasi ya kumwonya. Akishaonywa, aachwe achague mwenyewe. Mimi daraja langu nalifahamu.

Muuguzi wa Zamu:
Wote huwa wanalifahamu, kaka yangu, mpaka saa nane za usiku.

Mama Pacha:
Naomba tusimalizie uzi wote kwenye helmeti. Kwangu mimi ilikuwa chanjo. Nilikataa pacha wangu wasichanjwe, ofisa wa afya akaja mara mbili, na nilimfungia mlango kwa hasira ambayo leo siwezi kuieleza. Baadaye nilisoma kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kulijadili jambo hili mwaka 1905, mtu mmoja alipogoma kuchanjwa ndui akatozwa faini ya dola 5. Majaji walio wengi wakasema kwamba uhuru haumpi mtu haki ya kuwahatarisha wenzake, ingawa walitahadharisha pia kwamba mamlaka hayo yasitumike kwa ukatili au bila sababu. Ndui yenyewe ilitangazwa mwaka 1980 kwamba imetokomezwa duniani. Sisemi kwamba ofisa yule alikuwa na adabu, kwa sababu hakuwa nayo, lakini mara ya tatu nilifungua mlango.

Huru Daima:
Na mwaka 1966 serikali ya Romania iliingia mpaka matumboni mwa wanawake, ikapiga marufuku utoaji mimba na kuzuia njia za uzazi wa mpango ili idadi ya watu iongezeke, na haikutoka humo hadi mwaka 1989. Ukiifungulia mlango kwa ajili ya sindano, hiyo huoni?

Mama Pacha:
Naiona. Ndiyo maana nilitaka kwanza kujua sindano ni ya nini.

Mpangaji kwa Lazima:
Nimekuwa msomaji tu hapa kwa muda mrefu, lakini neno "mlango" limenigusa mahali pabaya.

Nilijenga kwa kibali. Kina mhuri, kina sahihi, na stakabadhi ya ada ninayo hadi leo. Tukaishi miaka kumi na mmoja, tukalipa kodi ya jengo kila mwaka, na kila mwaka wakaipokea. Asubuhi moja tukaamka tukakuta ukuta wa mbele umepigwa alama ya X nyekundu, rangi ikiwa bado inachuruzika, na karatasi imepachikwa kwenye komeo ikieleza kwamba nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara na kwamba tumepewa siku 30. Nilipoitazama tarehe, nikaona kwamba karatasi iliandikwa wiki tatu kabla ya kutufikia. Zilibaki siku tisa.

Nilikwenda ofisini. Waliotoa kibali wakanituma kwa wenye barabara, wenye barabara wakaniambia niwaulize waliotoa kibali. Siku ya kumi tingatinga likafika pamoja na askari. Mama yangu alikataa kutoka. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, na hakuna aliyethubutu kumgusa, mpaka ofisa mmoja kijana alipoingia, akapiga magoti mbele yake, akamwita bibi na kumsihi kwa upole ambao mpaka leo sijui niuchukie au niushukuru. Mama akainuka. Alipofika nje aligeuka, akaufunga mlango kwa ufunguo kama alivyokuwa akifanya kila siku, akautumbukiza ufunguo mfukoni. Kisha wakabomoa. Kijana yule yule akaniletea karatasi ya kutia sahihi kwamba tumehama kwa hiari.

Barabara haijajengwa. Huu ni mwaka wa sita, na pale pameota majani.

Ndugu Kimya:
Pole sana, ndugu yangu.

Mwanabaraza:
Nimeisoma mara mbili. Je, ulitia sahihi?

Mpangaji kwa Lazima:
Nilitia. Mama alikuwa amesimama juani.

Huru Daima:
Hapo ndipo mngegoma wote! Wakili angekupatia amri ya zuio kwa siku moja.

Mama Pacha:
Kwa siku moja? Shauri letu la mpaka wa kiwanja limetimiza mwaka wa nne. Ushauri wangu ni kutia sahihi na kuandika chini yake kwamba hukubali.

Ndugu Kimya:
Usitie sahihi kabisa, jifanye hujui kusoma.

Mwanabaraza:
Au jenga nyumba yenye magurudumu. Uingereza walipotozwa kodi ya madirisha, kuanzia 1696 hadi 1851, wengine waliyaziba kwa matofali wakaishi gizani. Mwananchi akibanwa huwa mbunifu.

Fundi Mstaafu:
Mnacheka, na mimi nitasema kinyume chenu. Nilikuwa msimamizi wa mafundi kwenye jengo lililoruhusiwa ghorofa nne. Mwenye jengo akaongeza mbili. Mkaguzi alikuja, akatazama juu, akapewa bahasha, akaondoka. Nami niliendelea kumwaga zege kwa sababu nilikuwa na watoto wa kulisha. Lilianguka usiku, na watu wakiwa wamelala. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu akisema serikali isituingilie, najiuliza kama amewahi kuinua bamba la zege akitafuta sauti. Siku ile nilitamani lile tingatinga lije mwezi mmoja mapema.

Huru Daima:
Mzee wangu, kwa hili sina neno, ila aliyepokea bahasha naye alikuwa serikali.

Karani wa Zamani:
Nimesita kuandika. Nilifanya kazi ya kutoa vibali kwa miaka mingi, na ramani ya hifadhi za barabara ilikuwa katika ofisi nyingine, jengo jingine. Tulipaswa kuuliza kabla ya kupiga mhuri. Hatukuwa tukiuliza kila mara, maana majibu yalichelewa na waombaji walikuwa wakitupigia kelele. Ibara ya 17 ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kwamba mtu asinyang'anywe mali yake kiholela. Kwetu kiholela haikuwa na sura ya ukatili. Ilikuwa faili ambalo halikuvuka barabara.

Mpangaji kwa Lazima:
Kwa hiyo inawezekana aliyepiga mhuri wangu ni wewe.

Karani wa Zamani:
Inawezekana, na siwezi kukuomba radhi kwa niaba ya ofisi ambayo hainitambui tena. Lakini kuna jambo ambalo wakili wako huenda hakulijua. Kila barua inayotoka huandikwa katika daftari la kupeleka barua, pamoja na tarehe na sahihi ya aliyepokea. Ikiwa notisi yako ilitoka siku tisa kabla ya tingatinga, daftari litaonyesha hivyo, hata kama karatasi yenyewe inadai vingine.

Mpangaji kwa Lazima:
Linaombwa dirisha gani?

Karani wa Zamani:
Masjala. Nenda asubuhi, omba kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.