Roadster ya 1500 au ya 2000? Gumzo la jamaa wa Kibokoni

*Alhamisi usiku, Julai 2025*

Swaleh: Msalkheri jamaa. Pesa ya gari imetimia, alhamdulillah. Ajenti wa Japani ameniletea Mazda Roadster mbili, zote za 2019, zote gia za mkono. Moja injini ya cc 1500, ya pili cc 2000. Wiki nzima sijapata uamuzi. Nisaidieni.

Mama: Hongera mwanangu. Ndilo lile la viti viwili?

Swaleh: Ndilo, mama. Probox haiuzwi, inabaki ya nyumbani.

Mama: Haya. Hilo ndilo nililotaka kulisikia.

Twaha: 2000, usiwaze mara mbili! Nguvu farasi 184 kwa 132. Na mimi niko Nairobi, nakwambia ninachokiona. Huku tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupungukiwa nguvu kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Hizo 132 zako zikifika huku ni 110 hivi. Siku uko nyuma ya malori ukitafuta nafasi ya kupita baada ya Mtito Andei, njia ya kuja Nairobi, utaukumbuka ujumbe huu.

Swaleh: Hilo ndilo linanitisha kwa kweli.

Mjomba Omari: Twaha hesabu yake ni sawa, lakini gari linalala Mombasa. Hapa injini inavuta hewa yote. Swaleh, Nairobi unakwenda mara ngapi kwa mwaka?

Swaleh: Mara mbili, mjomba. Na mara nyingi kwa treni.

Mjomba Omari: Basi usinunue injini ya safari usizokwenda.
Halafu elewa jambo moja: huchagui injini peke yake. Hizi za soko la Japani, injini imefungwa na paa. La turubai ndilo 1500. Lile liitwalo RF, lenye paa gumu linalojikunja kwa mota, ndilo 2000. Paa lile na mota zake ni uzito. RF lina kama kilo 1,100, la turubai kilo elfu moja na kidogo. Nguvu ile iliyozidi, sehemu yake inakwenda kubeba paa. Na uzito wenyewe uko juu, mahali ambapo gari la namna hii halitaki uzito kabisa.
Tazama na matairi. La 1500 linavaa 195/50 za inchi 16. RF ni 205/45 za inchi 17, shavu la tairi jembamba. Nimeshanyoosha rimu za inchi 17 nyingi mno hapa gereji, mashimo yetu hayana huruma.

Twaha: Mjomba, lakini paa gumu ni salama zaidi. Turubai mtu anachana kwa kisu akachukua simu.

Mama: Na kunguru je? Wanavyochafua kila kitu mtaa huu!

Swaleh: Nitalilaza kwenye banda la babu, mama, na nitalifunika. Jua pia linakula turubai, najua. Hapo Twaha yuko sawa.

Maryam: Asalaam aleikum nyote, ndiyo natoka kazini Leicester. Mdogo wangu, huku turubai huuzwa na injini zote mbili, kwa hivyo nimezijua kwenye bodi ileile. Nilikaa na 1500 miaka mitatu, sasa nina 2000. Ukweli: 2000 inakupumzisha. Uko gia ya nne, unakanyaga tu, inaondoka. 1500 lazima ushuke gia, uiache ipande mpaka mizunguko 7,000 kwa dakika huko, ndipo nguvu inapokaa. Kwenye barabara kuu ya kwenda kazini asubuhi nashukuru nina 2000. Lakini Jumapili, zile njia nyembamba za mashambani, 1500 ilikuwa inanifurahisha zaidi. Pua nyepesi, na injini unaitumia yote. Hii sasa naitumia nusu, nusu iliyobaki ni ya kupata faini.

Swaleh: Dada, umenigusa. Mimi raha yangu ni Jumamosi alfajiri, Nyali mpaka Kilifi, kabla matatu hazijaamka.

Mjomba Omari: Ushuru umeupiga hesabu?

Swaleh: Bado vizuri.

Mjomba Omari: Piga. KRA, wale wa mapato ya serikali, ushuru wao wa bidhaa kwa injini isiyopita 1500 ni asilimia 20, ikipita ni 25. Hiyo ya Roadster ni 1496, imepenya kwenye tundu la sindano. Na asilimia hiyo inatozwa baada ya kujumlisha ushuru wa forodha wa 35. Chukua gari lililothaminiwa milioni moja. Forodha 350,000. Juu ya hiyo 1,350,000, asilimia 20 ni 270,000, asilimia 25 ni 337,500. Tofauti 67,500, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake, jumla 78,300. Hiyo ni kwa kila milioni ya thamani, na RF thamani yake iko juu zaidi.

Twaha: Hapo sina la kusema. Hiyo ni seti ya matairi na bima juu.

Swaleh: Injini yenyewe mjomba, ya 1500, utaiweza?

Mjomba Omari: Ni ukoo mmoja na ile ya Axela 1500, hizo nimezifungua nyingi. Vali zake zinaendeshwa kwa cheni, si mkanda. Ila mbano wake wa hewa na petroli ndani ya silinda ni 13 kwa 1, tena zote mbili, kwa hivyo ni petroli ya oktani ya juu tu. Hapo usibane senti.
Gari limetoka mkoa gani?

Swaleh: La 1500 Hiroshima. RF limetoka Hokkaido.

Mjomba Omari: Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani msimu wa theluji, na chumvi ni kutu. Omba picha za chini, mikono ya sispensheni na viungo vya bodi. Hata hilo la Hiroshima omba.

Swaleh: Nimemwandikia sasa hivi. Nataka la 1500, picha zikiwa safi nalipa.

Twaha: Rangi gani?

Swaleh: Jekundu.

Mama: Mimi ndiye wa kwanza kupanda. Unipeleke Malindi kwa Bi Halima, na paa liwe wazi.

Swaleh: Inshallah mama. Mjomba, kesho baada ya Ijumaa nakuja gereji na karatasi ya mnada tuisome pamoja.

Mjomba Omari: Njoo. Na miwani yangu uipitie kwa shangazi yako, nimeisahau huko.